Mdiria wa Uzi Mwekundu

Cooktown, Queensland
9 Januari 1877

Mama Hulda wangu mpenzi,

Nahodha wa meli ya barua akikaa mbali na chupa, sanduku hili litafika Tanunda kabla hamjamaliza kuchuma zabibu. Lifungulie barazani upepo upite, usilifungulie jikoni. Ndege wote nimewapaka sabuni ya sumu kwa ndani, kama kawaida, nondo na wadudu wasiwaguse. Kwa hiyo vaa glavu zako, na unawe kabla hujashika chakula. Kagua vibandiko, nakili majina, wachore wale niliowawekea alama, kisha wapeleke Port Adelaide wapande meli ya Hamburg. Bwana Overbeck, mnunuzi wetu wa huko, anasema majumba ya makumbusho yanagombea mdiria wa mkia mweupe, na yeye hana hata mmoja dukani.

Habari njema nimeiweka ya pili makusudi. Wachapishaji wa Leipzig wamekubali! Barua zangu kwako, ukizinakili kwa mwandiko wako msafi, zitakuwa kitabu cha safari. Mwalimu wa shule aliyeacha chaki akakimbilia misituni hatachekwa tena na wanaume wa kwaya.

Sasa ya tatu, na hii msomee Hulda. Aliniomba ndege ambaye hataruka akaenda zake kama baba. Nimempata. Ni mdiria: mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa, mkia mweupe mrefu kama utepe wa bibi arusi. Huyu si wa kuuzwa. Sikumpaka sumu hata chembe, nimemkausha kwa majivu na pilipili manga tu, na nimemfunga uzi mwekundu mguuni. Mwenye uzi mwekundu ni wa Hulda. Alale naye, ambusu, amfanye atakavyo. Baada ya mwaka hivi wadudu watamla, lakini kufikia hapo baba atakuwa amerudi.

Nina homa kidogo, hii ya hapa inayokuja na kuondoka. Bi Tierney, mama wa Kiayalandi mwenye nyumba niliyopanga, ananicheka: "Profesa, unatetemeka mpaka meza inacheza dansi!" Usiiandike homa kwenye nakala ya Leipzig. Wasomaji wanataka msitu na ndege, hawataki shuka lililolowa jasho.

Wako,
Reinhold


Tanunda, South Australia
22 Februari 1877

Baba Hulda,

Sanduku limefika salama, wala nahodha hakunusa pombe. Nimelifungulia barazani kama ulivyosema. Hulda alikaa ngazini, mikono amejikumbatia, kwa sababu nilimwambia asiguse kitu mpaka niseme. Nilipoona uzi mwekundu nikamwita.

Ungeona, Reinhold. Hakupiga kelele. Alimpokea kwa mikono miwili kama watu wanavyopokea kikombe cha ushirika.

"Mama, mbona macho yake ni pamba?"

"Ndege akisafiri mbali, anafumba macho."

"Na Baba akija atakuwa na pamba machoni?"

Nikamwambia hapana, Baba atakuja na macho yake. Akasema sawa, lakini kama ana pamba pia si kitu.

Amempa jina la Mchungaji, kwa ajili ya ule mkia mweupe, kama utepe wa shingoni mwa mchungaji. Juzi Mchungaji Noske alipokuja kunywa kahawa, Hulda akamtambulisha: "Mchungaji, huyu ni Mchungaji." Mzee wa watu akainama akamsalimia ndege kwa heshima zote. Hulda analala naye shavu kwa shavu. Chini ya bawa kuna unga mweupe, majivu yako bila shaka. Nilimkung'uta, lakini hauishi. Hulda anasema ni sukari ya keki.

Mama yako hajafurahi. Alisimama kwenye ua wake akapaza sauti ili nisikie: "Maiti ya ndege haikai kitandani mwa mtoto!" Nikamwambia, Mama, Reinhold mwenyewe ameagiza. Akajibu kwamba Reinhold mwenyewe utotoni alikuwa anakula mchanga. Akaingia ndani.

Ndege wengine nimeshawachora na kuwafunga, wanaondoka kesho kwa gari la farasi la kwenda Gawler. Sura tatu za kitabu nimezimaliza. Homa nimeiacha nje, ingawa kwangu mimi ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko yote. Kunywa dawa yako.

Mkeo,
Ernestine


Juu ya mto, siku mbili kutoka Cooktown
28 Machi 1877

Mama Hulda,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya gogo, nikacheka peke yangu mpaka kasuku wakaruka. Mwambie Mchungaji mwenye manyoya kwamba ndugu zake wanachimba vyumba ndani ya vichuguu vya mchwa na kulea watoto humo humo, na kelele zao ni kama za kwaya yetu kabla ya mazoezi.

Homa imeniacha. Nimepata ndege ambao sijawaona kwenye kitabu chochote. Mambo mengine niliyoyaona si ya kukuandikia yote. Wachimba dhahabu wanapita huku wakiwafyatulia risasi watu wenye nchi yao kama wanavyofyatulia kangaruu. Leipzig hawatayataka hayo. Lakini wewe yajue, ili usidhani mumeo yuko bustanini.

Mwambie mama aache kusema habari za mchanga. Na Hulda anichoree Mchungaji. Ukubwa wowote.

Wako,
Reinhold


Tanunda
30 Machi 1877

Baba Hulda,

Usishtuke, nakuandikia tu ujue. Hulda tumbo linamsumbua wiki ya pili sasa. Anatapika, akinywa maji anayarudisha. Majirani wote wanasema ni zabibu, maana watoto wa hapa msimu huu wanashinda mashambani wakila zile zilizoanguka. Mama yako ameleta chai ya maua ya kamomili, nampa asubuhi na jioni. Siku akipata nafuu anacheza, siku ya pili analala mchana kutwa na Mchungaji wake.

Nywele zinanyonyoka kidogo kwenye mto. Nilipomchana akasema, "Mama, mimi nami natoa manyoya." Tukacheka.

Isipotulia nitamwita Daktari Behrend kutoka Angaston.

Mkeo,
Ernestine


Tanunda
21 Aprili 1877

Reinhold mume wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama Bi Tierney yuko karibu, mwite akae nawe.

Hulda wetu amefariki Jumatano asubuhi. Ilikuwa dondakoo. Lilikuja ghafla, koo likaziba, Daktari Behrend alifika lakini hakukuwa na la kufanya. Tumemzika Ijumaa. Kwaya yako iliimba, na Mchungaji Noske alishindwa kumaliza sala, ikabidi mwalimu mkuu aimalizie.

Nilitaka nikupelekee habari kwa simu ya waya, lakini nikaona ungeipokea kwa maneno sita ukiwa peke yako. Nimeona bora mwandiko wangu.

Nakuomba jambo moja, wala usiniulize sababu. Masanduku yasije tena hapa nyumbani. Yapeleke Hamburg moja kwa moja. Kitabu nitaendelea kukinakili. Ndege siwezi.

Kula. Tafadhali kula, na usitembee peke yako na bunduki siku hizi.

Ernestine


Cooktown
11 Juni 1877

Bi Ernestine,

Nilishuka kutoka mtoni na mkusanyo mkubwa kuliko wote. Nilipoona mwandiko wako mezani kwa Bi Tierney nilianza kwa kucheka, nilidhani ni picha ya Mchungaji. Siwezi kukueleza yaliyofuata. Mama huyu mgeni, ambaye hajawahi kumwona mtoto wangu, alinishika mabega kama mtoto mdogo nisijigonge ukutani.

Siku zimepita, nimesoma tena barua zako mbili, moja baada ya nyingine. Machi umeandika tumbo. Aprili unaandika koo. Kati ya tumbo na koo wewe ulikuwa wapi? Mtoto anatapika wiki mbili, nywele zinanyonyoka, unampa maji ya maua na unacheka naye! Angaston ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Ulikuwa unangoja nini? Zabibu ziishe?

Na ndege sasa huwataki. Ndege ndio waliojenga ile nyumba unamolala.

Mama naye ameniandikia. Ameniambia kwa mkono wake kwamba alikuonya umwite daktari mapema, ukamjibu kwamba unajua. Sina la kuongeza.

Sirudi mwaka huu. Sijui kama nitarudi. Nifungie yule mdiria, uniletee. Nataka kushika kitu alichokuwa anakishika.

Reinhold Lindner


Tanunda
2 Agosti 1877

Reinhold,

Yote uliyoandika ni kweli. Sikuona. Mama yako alinionya, nikamjibu kwamba najua. Sina neno la kujitetea, na sitalitafuta.

Mdiria siwezi kukuletea. Alikwenda na Hulda. Usiniombe tena.

Mama yako amehamisha kiti chake kanisani, sasa anakaa upande wa familia ya Kupke. Tukikutana kisimani anasubiri niondoke ndipo ateke maji. Simlaumu. Alimpenda sana.

Sura ya saba na ya nane ziko njiani kwenda Leipzig. Pale ulipoandika "tulirudi kambini tukiwa na furaha" neno linalofuata halisomeki, nimeweka "usiku."

Unapochuna ndege, vaa glavu. Usile kwenye meza hiyo hiyo, hata siku ukiwa umechoka. Kucha zako zisafishe vizuri. Nakuomba.

Ernestine


Cooktown
19 Oktoba 1877

Bi Ernestine,

Glavu! Mtoto hayupo, nawe unaniandikia habari za kucha.

Nimeambatisha ukurasa wa kuingia sura ya tisa, mahali panapoelezwa mdiria. Unakili kama ulivyo:

"Ndege huyu nilimpelekea binti yangu wa pekee, aliyekuwa na umri wa miaka sita. Alimpenda kuliko mwanasesere yeyote. Alilala naye shavuni mpaka siku yake ya mwisho, na ninapata faraja nikifikiri kwamba, baba akiwa mbali, kulikuwa na kitu kutoka mikononi mwake kilichomlinda mtoto hadi mlangoni pa Mungu."

Usibadilishe hata koma.

R. Lindner


Tanunda
6 Desemba 1877

Reinhold,

Sura ya tisa nimeinakili yote, isipokuwa ukurasa ule. Nimejaribu. Nimekaa mezani na kalamu siku tatu, nikifika "kilichomlinda" mkono hauendi.

Niandikie jambo lingine lolote nitalinakili. Andika kwamba mama yake alimwacha afe, nitaliandika kwa mwandiko wangu bora. Lakini hili liondoe, kwa ajili yangu, kama kuna kitu kimebaki kwa ajili yangu.

Ernestine


Cooktown
12 Januari 1878

Bi Ernestine,

Nimeunakili mwenyewe na nimeshaupeleka Leipzig. Umeondoa masanduku nyumbani, umemzika ndege wake bila kuniuliza, sasa unataka kumfuta mtoto hata kwenye karatasi. Kwenye kitabu changu atabaki.

Usiniandikie tena isipokuwa kwa mambo ya uchapishaji.

R. Lindner


Hamburg
4 Aprili 1878

Kwa Bwana Reinhold Lindner, Cooktown

Mheshimiwa Bwana Lindner,

Naomba radhi kwa kuchelewa. Sanduku lako la mwanzo wa mwaka jana lilikaa ghalani kwetu bila kufunguliwa, kwani tulikuwa tunahamisha duka. Tumelifungua mwezi uliopita, nami nakupongeza. Ndege wamefika kana kwamba wamepigwa jana, na walio wengi wameshapata wenyewe.

Hasara ni moja tu. Mdiria mmoja wa mkia mweupe ameliwa na wadudu, yamebaki mifupa na pamba. Msaidizi wangu alimpasua kutafuta sababu, akakuta hamna sumu ndani yake kabisa: majivu na pilipili manga tu. Nadhani alikuponyoka katika siku ya kazi nyingi, hutokea hata kwa waliobobea. Ukipata mwingine, tafadhali tuletee.

Mchapishaji wako wa Leipzig alinionyesha kurasa za majaribio za kitabu. Nilimsomea mke wangu ukurasa wa binti yako na yule ndege, akalia. Pokea rambirambi zetu.

Wako mtiifu,
Friedrich Overbeck


Cooktown
2 Juni 1878

Ernestine,

Majivu na pilipili manga.

Leo asubuhi nimesoma maneno hayo katika barua ya Overbeck. Nakuambatishia, usome mwenyewe. Ndege wangu asiye na sumu alikwenda Hamburg. Nimekaa nikitafuta njia nyingine ya kuelewa jambo hili. Nimesema labda niliandaa wawili namna ile. Labda msaidizi wa Overbeck ni mjinga. Nimezunguka chumbani nikisema labda, labda.

Mwisho nikamwendea Bi Tierney jikoni. Nikamuuliza anakumbuka nini siku ile nilipofunga sanduku la Januari. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Profesa, siku ile hukuweza hata kushika mkasi. Ulikuwa unawaita ndege kwa majina ya watu. Uzi nilikukatia mimi, ukaufunga wewe. Ukaniambia, huyu ni wa binti yangu. Nikakuuliza, una hakika? Walikuwa wamelala watatu, wanafanana kama mayai. Ukanikemea. Ukasema, namjua kama ninavyomjua mwanangu."

Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Akaniangalia, kisha akakaa chini kwenye gunia la viazi, akafunika uso kwa aproni. Ameelewa kabla sijasema.

Ernestine, nimesoma tena barua zako zote. Unga mweupe chini ya bawa. Sukari ya keki. Kutapika, nywele. Nimefanya kazi na sumu ile miaka kumi na moja, najua inavyomfanya mbwa, najua inavyomfanya panya. Niliyasoma hayo yote kwa mwandiko wako, na nikaona uzembe wa mama.

Sabuni yote nimeitupa baharini. Ndege waliobaki nimemwachia Bi Tierney awachome. Leipzig nimepeleka simu ya waya wautoe ukurasa ule, sijui kama nimewahi.

Nitamwandikia mama, nimweleze nani alimuua mjukuu wake. Lakini kwanza nakuomba unijibu swali moja, kwa neno moja tu kama hutaki kuniandikia zaidi.

Je, alikohoa?

Reinhold


Tanunda
15 Agosti 1878

Reinhold,

Hapana. Hakukohoa hata mara moja.

Umeniuliza, basi nitakuambia yote, kwa sababu sina tena nguvu ya kubeba nusu. Daktari Behrend alipokuja alimshika Hulda viganja, akavigeuza, akatazama vidonda vidogo katikati ya vidole. Akamwangalia kucha. Kisha akaniuliza, "Mtoto huyu analala na nini?" Nikamwonyesha. Nilikuwa bado natabasamu, Reinhold, maana kila mgeni aliyeingia alionyeshwa Mchungaji. Daktari akamchukua ndege kwa kitambaa, akamfungua mshono wa tumbo kwa kisu chake cha mfukoni, akanusa, akaniita nje, akaniambia ni sumu.

Ilikuwa imeshachelewa. Tulimnyang'anya ndege, na alilia kuliko alivyolilia tumbo. Nikamwambia Mchungaji amekwenda kuogeshwa. Akasema, "Basi mwambie akauke upesi." Alimuulizia mpaka Jumanne jioni. Jumatano hakumuulizia tena.

Nilikudanganya kwamba ndege alikwenda naye. Nilimchoma kwenye tanuri la mkate, pale uani. Tangu siku ile sijaoka humo. Mkate nanunua kwa mwokaji, na wanawake wa hapa wanasema huzuni imenifanya mvivu.

Dondakoo nililichagua mimi. Daktari alikubali kuliandika baada ya kumsihi sana. Unataka kujua kwa nini. Ulikuwa peke yako mwisho wa dunia, una homa, una bunduki, una kopo zima la sumu ile mezani. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja. Nikasema yule mwingine akinichukia, atakuwa hai ananichukia. Barua yako ya Juni ilipofika niliisoma nikalia, halafu nikashukuru. Mtu anayekasirika namna ile hajiui.

Usinifanye malaika. Nami niliuona unga ule. Miaka minne nimefungua masanduku yako, nimeshika mamia ya ndege wako, najua majivu yanavyofanana na najua sabuni inavyofanana ikikauka. Niliuona, nikajiambia Reinhold hawezi kukosea kwa Hulda. Nilikuamini wewe kuliko macho yangu. Kwa hiyo uliponilaumu kwamba sikuona, hukunionea. Ulikosea tu kile ambacho sikukiona.

Kuna siku nilikuchukia. Siku ya ukurasa ule. Nilikaa na kalamu nikataka kukuandikia neno moja tu, "wewe," na koma zako zote. Sikuandika. Sasa umejua, na nimegundua kwamba sikupata nafuu niliyodhani ningeipata. Nilikuwa na mume ananichukia na siri ya kumlinda, nikawa na kazi ya kufanya kila siku. Sasa sina kazi.

Hukuwahi. Kitabu kimefika wiki iliyopita, na ukurasa umo. Mke wa Mchungaji Noske aliusoma kwa sauti katika mkutano wa kina mama. Wote walilia. Walipanga mstari kunishika mkono. Bi Kupke akaniambia, "Angalau mumeo alijua kumpenda." Nikamwambia ahsante. Mama yako alikuwepo. Alilia kuliko wote, na kitabu amekiomba, kiko kwake, juu ya kabati pamoja na Biblia. Jioni anamsomea yeyote anayepita. Juzi nilimsikia kupitia ua akimsomea mtoto wa posta.

Kwa sababu hiyo nakuomba usimwandikie. Kama umeshaandika, mwambie Bi Tierney akachukue barua posta kabla meli haijaondoka. Kama imeshaondoka nitaisubiri hapa, niichukue kwa postamasta kwa jina la familia, niichome. Nimeshazoea.

Mama yako ana miaka sabini na nne. Amezika mume na watoto watano, amebakiwa na wewe. Ukimwambia, hatanipenda mimi zaidi. Atakupoteza wewe tu, na ukurasa wake, na atakumbuka kila siku kwamba alisimama kwenye ua akasema maiti ya ndege haikai kitandani mwa mtoto, na hakuna aliyemsikiliza. Mwache anichukie mimi. Amelizoea jambo hilo, nami nimelizoea.

Umeniuliza kama uje au usije. Hukuuliza kwa maneno, lakini nakufahamu. Njoo. Sijui nitakuambia nini nikikuona. Sijakusamehe, na sijui kama kuna kitu cha kusamehe, na sijui nani aanze. Lakini nimechoka kuliona kaburi peke yangu, na jiwe bado halijaandikwa kitu, kwa sababu fundi alitaka maneno ya baba.

Ila ujue unachokuja kukikuta. Jumapili baada ya ibada mama yako atavuka ua na mkate wake, maana anajua mimi sioki. Atakaa kwenye meza yetu. Atakukatia wewe kipande kikubwa, atakipaka siagi kwa mkono wake, atakuita mwanangu maskini. Mimi atanipita kama anavyopita kiti. Utataka kusema. Nitakuona unataka kusema.

Usiseme. Pokea mkate, umwambie ahsante Mama, ule.

Mkeo,
Ernestine